Mkoba Nyuma ya Mlango wa Ofisi

Mwalimu Mkuu wetu alikuwa mwoga, na nalisema hilo kwanza kwa sababu yeyote aliyefanya kazi naye angeanzia hapo hapo. Wala hakuuficha woga wake. Ukimsalimu asubuhi langoni, "Habari ya leo, Mwalimu?", watu wengine hujibu nzuri hata kama nyumba imeungua usiku. Yeye alikujibu, "Niko. Naogopa tu," kisha akapita zake amekumbatia faili kifuani, akakuacha ukijiuliza kama kuna jambo ambalo hujaambiwa. Mwaka wangu wa kwanza pale nilidhani ni mzaha wake. Nilikuja kuelewa polepole kwamba mzee yule hakuwa akitania hata kidogo.

Kwao ni wapi na ni mtoto wa nani sitaeleza. Hata yeye akiulizwa alielekeza kidole upande wa mlima akasema "huko juu," yakaishia hapo. Jumapili alikwenda kanisani mjini Isiolo, na siku nyingine zote aliitikia salaam aleikum ya wazazi vizuri kuliko baadhi yetu tuliozaliwa nayo. Mimi ni mtoto wa mjini, babu yangu aliletwa huku na jeshi la mkoloni na hakurudi kwao, na nilipopangiwa shule ile mama alilia. Iko mbele ya Ngaremara, ukiacha lami na kufuata vumbi. Ina madarasa ya mawe ambayo hayakuwahi kupakwa rangi, ua wa miiba, na lango la chuma zuri kuliko kitu kingine chochote pale. Lango hilo wazazi walilichangia wenyewe kwa kuuza mbuzi, na kwa kuwa walilinunua, waliona wana haki ya kulifunga.

Aliogopa ngamia. Ngamia wa majirani walikuja kunyoosha shingo juu ya ua kula majani ya mti uliokuwa karibu na ofisi, naye hakutoka humo mpaka watoto wa darasa la pili watumwe kuwafukuza. Aliogopa radi. Aliogopa gari lolote jeupe lililoonekana likitimua vumbi kutoka barabarani, maana huenda ni la afisa wa elimu. Likionekana tu alifunga vifungo vyote vya koti lake la kahawia, koti ambalo alilivaa katika joto lile la Isiolo linalokausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Mwezi wa matokeo aliifunga simu yake kwenye leso, akaitia ndani ya boksi la chaki, akaweka kitabu juu yake. Ilipolia humo ndani sote tuliisikia, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Kiboko hakukishika kamwe, hata enzi zile ambapo walimu wengi walikuwa bado wanakificha nyuma ya kabati. Nilipomuuliza sababu aliniambia kwamba anaogopa mkono wake mwenyewe.

Ningependa kusema kwamba alikuwa mwalimu hodari, ila ningekuwa naongopa. Hesabu alizifundisha mbiombio, kwa jasho, akifuta ubao kabla watoto hawajanakili. Alikosea mara kwa mara, akajigundua, akaomba msamaha, akakosea tena. Walio mbele darasani walimdharau. Walio nyuma walimpenda sana, kwa sababu kwake kukosea hakukuwa msiba. Saa za kupumzika aliwakusanya hao wa nyuma kwenye kivuli cha ofisi, akawamwagia vizibo vya soda chini, wakajumlisha na kutoa huku yeye akitazama barabara kama kuna gari jeupe. Sijui walijifunza nini. Najua tu kwamba walikuwa wanakuja.

Sasa niueleze mchujo, maana bila huo hutaelewa kilichompata. Enzi za mtihani wa darasa la nane, shule ilihukumiwa kwa wastani wa alama. Ofisi ya elimu iliuuliza wastani, wazazi waliuuliza, hata makanga wa magari ya Isiolo waliujua. Kwa hiyo shule nyingi zilikuwa na ujanja wake: mtoto dhaifu anaambiwa arudie darasa, au anasahauliwa wakati wa kuandikishwa. Sehemu za wafugaji ujanja ulikuwa rahisi zaidi, kwa sababu ukame uliufanya kwa niaba yetu. Mvua ikikosekana mifugo inapelekwa mbali kwenye malisho, kwenye kambi wanayoiita fora, na watoto wakubwa wanakwenda nayo. Mtihani ukifika wakiwa fora, wanaandikwa hawapo, na asiyekuwepo hashushi wastani. Mwalimu mkuu mwenye akili alinyamaza tu. Wetu hakunyamaza. Kila mwaka, akitetemeka, aliwatumia salamu warudi, na wasiporudi aliwafuata.

Huo ndio mkanganyiko wake, na kwa miaka mingi sikuweza kuupatanisha. Mtu asiyeweza kupita mbele ya ngamia aliyelala alikuwa tayari kwenda porini kumtafuta mtoto ambaye angemharibia kazi.

Nyuma ya mlango wa ofisi yake ulining'inia mkoba wa turubai wa kijani. Nilipouona mara ya kwanza nilidhani anasafiri wikendi. Kumbe haukushuka pale mwaka mzima. Ndani mlikuwa na shuka, kipande cha sabuni, mswaki, tochi na ndala. Siku moja nilimuuliza ni wa nini.

"Ni wa siku watakayonitoa, Madam," akasema. "Nisije nikaanza kutafuta soksi watu wakiningoja."

Alikuwa amemwona mwenzake wa shule nyingine akitolewa. Wazazi walifika na kufuli yao matokeo yalipotoka, wakamtoa nje akiwa peku, viatu vikabaki ofisini, naye akatembea hadi lami hivyo hivyo juu ya mawe ya moto. Hilo lilimkaa moyoni. Kutolewa alikuwa ameshakukubali, lakini alitaka atolewe akiwa na kitu miguuni.

Mwenyekiti wa wazazi alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, ndevu zimepakwa hina, sauti ya chini, mtu ambaye hakuwahi kumkosea mtu heshima. Nisimfanye mbaya. Shule ilikuwa chini kila mwaka, na wenye uwezo walikuwa wameanza kuhamishia watoto mjini. Watoto wakipungua, serikali inapunguza walimu, na shule yenye walimu wachache inakufa. Alikuwa na wajukuu pale. Mwaka ule wa ukame mkubwa, mtihani ukikaribia, alikuja ofisini mimi nikiwa nimeleta karatasi za mazoezi.

"Salaam aleikum, Hedi," akasema, maana ndivyo wazazi walivyomwita Mwalimu Mkuu.

"Waaleikum salaam, Mwenyekiti. Karibu chai."

Alikaa, akapokea kikombe, akakiweka chini bila kunywa.

"Mimi sitaki kelele na wewe. Hii shule iko chini, unajua. Mwaka jana chini, mwaka juzi chini. Watu wanapeleka watoto Isiolo. Watoto wakiisha, hawa walimu pia watachukuliwa. Ni kweli ama ni uongo?"

"Ni kweli."

"Basi hiyo watoto ya fora wacha ikae fora. Si wewe ulipeleka, ni jua. Hawa wako hapa ni wazuri, wataandika vizuri, shule itapanda."

"Wameandikishwa, Mwenyekiti."

"Kuandikishwa si kufika." Aliinuka, akajifunga shuka lake vizuri. "Tukianguka tena, mimi sitaweza kushika wazazi. Wameshasema. Kufuli watanunua."

"Najua," Mwalimu Mkuu akasema. Kikombe chake kiligonga kisahani mpaka akakishika kwa mikono yote miwili.

Mimi, moyoni, nilikuwa upande wa Mwenyekiti.

Salamu zilipotumwa kupitia kina mama wanaouza maziwa, karibu wote waliokuwa fora walirudi. Aliyebaki ni Qabale. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, hesabu zimemshinda na Kiingereza kimemshinda zaidi, aliyekaa darasani akitazama mlango. Kama kungekuwa na mtihani wa kuhesabu vizibo vya soda angefaulu. Kambi ya kwao ilikuwa imehamia mbele ya Kinna, na msimu ule njia za kule zilikuwa na habari mbaya. Mifugo ilikuwa imeibwa, watu walikuwa wamepigwa risasi, na kila aliyetoka upande ule alishusha sauti alipokuwa anasimulia.

"Madam, nisindikize," aliniambia. "Siwezi kwenda peke yangu kuchukua msichana kwa watu. Na Kiborana changu kinachekesha."

Sikutaka kwenda. Nilikwenda kwa sababu alikuwa ameshautungua mkoba pale nyuma ya mlango na ameuvaa begani, na uso wake ulikuwa umepauka mno kwa mtu wa kuachwa aende peke yake. Tulipanda lori la maji. Dereva alitushusha mahali ambapo hapakuwa na kitu, akatuonyesha njia ya mifugo, akasema tusiiache. Tukaifuata. Jua lilikuwa utosini, miiba pande zote mbili, kimya kiasi kwamba nilisikia ndala zikigongana ndani ya mkoba wake. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo tena. Kila kichaka nilikiona kina mtu.

Kimoja kilikuwa na mtu kweli. Vijana walitoka mbele yetu na wengine nyuma yetu, wote na bunduki, na hakuna aliyesalimu. Mwalimu Mkuu aliinua mikono juu mara moja, kama mtu aliyekuwa akiifanyia mazoezi siku hiyo maisha yake yote. Nikaanza kusema Kiborana kwa haraka, sisi walimu, tunatafuta kambi ya baba yake Qabale, na sauti yangu nikaisikia kama ya mtoto. Mmoja aliashiria mkoba kwa mtutu.

"Fungua."

Alishindwa kuifungua zipu kwa kutetemeka, nikamfungulia mimi. Kijana akatoa sabuni, akainusa. Akatoa shuka, tochi, mswaki, halafu ndala. Akazitazama ndala zile kwa muda.

"Mzee, unahama?"

"Bado," Mwalimu Mkuu akasema. "Mimi ni mwalimu. Nimekuja sababu ya mtihani."

"Mtihani gani huku?"

Hapo ndipo nilipomwona vizuri yule kijana, midomo imekauka, macho yanakimbia kwenye vichaka nyuma yetu. Walikuwa walinzi wa kambi, na walidhani tumetumwa na wezi kuja kuwapeleleza. Walituogopa sisi. Hilo halikunipa nafuu yoyote, maana mtu mwoga mwenye bunduki ni hatari kuliko jasiri.

Walitupeleka kambini wakiwa nyuma yetu. Baba yake Qabale alitusikiliza akiwa ameketi kwenye kigoda chake, fimbo mapajani, kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu na kumsemesha kwa Kiswahili ili asikose kuelewa.

"Hedi, wewe umetoka huko mbali yote, unachukua mchungaji yangu, ndio aende aanguke?"

"Pengine ataanguka, mzee. Sikudanganyi."

"Sasa?"

"Aanguke mwenyewe. Tusimwangushe sisi hapa."

Mzee aliiweka fimbo chini. Akamwita mkewe alete maziwa, tukanywa, na hakuna aliyesema ndiyo wala hapana. Tulipogeuka, Qabale alikuwa amesimama nyuma yetu, sare ya shule ameivaa juu ya nguo zake za fora, kalamu imechomekwa ukingoni mwa ushungi. Hakuna aliyekuwa amemwambia ajiandae. Baba yake alitazama kalamu ile, akanyanyuka, akaenda kwa mbuzi wake.

Qabale aliufanya mtihani. Sheikh alisoma dua, mchungaji wa kanisa akaomba, kalamu zikabarikiwa, askari akakaa mlangoni, na yule msichana aliandika mpaka kengele ilipolia, kila siku. Kisha tukangoja, na kungoja matokeo ni ugonjwa. Boksi la chaki lilipolia, Mwalimu Mkuu aliifungua leso, akasikiliza, akasema "asante" mara kadhaa, akaifunga simu tena kwenye leso kama aliyefunga kidonda. Tulikuwa tumeshuka. Mtoto mmoja hawezi kushusha shule nzima kiasi kile. Lakini ni nani angesikiliza hesabu siku hiyo?

Walikuja asubuhi. Sijui kwingine inakuwaje, ila wazazi wetu walikuja na chupa ya chai. Kina mama walimwekea kiti nje ya lango, wakamimina chai ya maziwa yenye sukari nyingi jinsi alivyoipenda, na watu wote wakasimama wakimngoja amalize kunywa. Mwenyekiti alishika kufuli mpya, karatasi ya dukani bado imening'inia.

"Hedi, hatuna ubaya na wewe," akasema.

"Najua, Mwenyekiti."

"Kunywa pole pole tu."

Adabu ile ilinitisha kuliko fimbo zilizokuwa mikononi mwa vijana. Nilisimama nyuma ya kina mama, nikiangalia chai ikimwagikia koti la kahawia. Aliimaliza yote. Alirudisha kikombe, akashukuru, akavua viatu na kuvaa ndala alizozitoa mkobani. Akainama kuchukua mkoba, na hapo Qabale akatoka katikati ya watu, akautwaa yeye, akatangulia mbele kuelekea lami. Nilimtazama Mwenyekiti, kisha vijana. Hakuna aliyemzuia. Walikwenda wote wawili hadi vumbi likawameza, na nyuma yangu nikasikia kufuli ikifungwa.

Alihamishiwa shule nyingine, baadaye akastaafu. Anaishi Chechelesi. Siku hizi mtihani wa darasa la nane haupo, kuna wa gredi ya sita na wa gredi ya tisa, na tumeambiwa semina baada ya semina kwamba shule hazishindanishwi tena. Mwenyekiti wetu, yule yule, hina ile ile, bado ananiuliza shule yetu ni ya ngapi. Ananiuliza mimi kwa sababu sasa ofisi ile ni yangu. Na mvua zimekosa tena, na baadhi ya watoto wa gredi ya sita wako fora mbele ya Kinna, na bunduki zimeanza kusikika upande ule. Wiki iliyopita Mwenyekiti alikuja, akapokea chai, akaiweka chini bila kuinywa.

Ndipo nilipokwenda Chechelesi.

Nilimkuta amekaa uani mwake, amekonda, dawa za presha kwenye kopo pembeni. Lango lake ni la mabati, na halina kufuli wala kitasa. Limefungwa kwa kipande cha waya ambacho mtoto yeyote angekifungua. Mbwa wa jirani alipobweka, alishtuka na kushika kiti.

"Habari ya siku nyingi, Mwalimu?"

"Niko. Naogopa tu. Kaa, Madam."

Nilimweleza yote, na sikuzunguka. Nilimwambia juu ya njia, bunduki na Mwenyekiti. Nikamwambia nina watoto wangu nyumbani, na kwamba nimekuja anipe ruhusa.

"Niambie niwaache," nikasema. "Wewe ukisema, nitawaacha."

Alifungua kopo la dawa, akalifunga bila kutoa kitu.

"Kabla ya shule yenu nilikuwa naibu mahali," akasema. "Tulichuja. Kulikuwa na msichana mmoja, dhaifu sana. Hatukumwandikisha, na hatukumwambia. Kila mmoja alidhani mwenzake atamwambia. Siku ya mtihani akaja. Ametoka fora kwa miguu, amejipaka mafuta, ako na kalamu. Jina haliko. Askari hawezi kumruhusu kuingia. Tukamwambia arudi nyumbani, lakini nyumbani kwenyewe ni mbali, basi akakaa chini ya dirisha mpaka wenzake wakamaliza."

"Alilia?"

"Angelia ingekuwa afadhali. Mimi nilikuwa napita pale, kutoka ofisi kwenda darasani, kutoka darasani kwenda ofisi. Kila nikipita anasimama, ananisalimia. 'Habari ya leo, Mwalimu.' Mtoto amefundishwa adabu. Nikirudi, anasimama tena. 'Habari ya leo, Mwalimu.'" Alilirudisha kopo pembeni. "Bunduki naogopa, Madam. Hata hao wazazi. Lakini hiyo salamu, mpaka leo mtu akinisalimia asubuhi, ni yeye naona."

Nilitaka aseme zaidi. Nilitaka anikatalie au aniruhusu, niende nyumbani na neno lake mfukoni. Hakusema nenda na hakusema usiende. Aliinuka kwa shida, akaingia ndani, akatoka na mkoba wa kijani, umefifia hata rangi haijulikani, akauweka mapajani mwangu.

"Sabuni iko, shuka iko," akasema. "Ndala zitakuwa kubwa kwako. Tochi haina betri."

Alinisindikiza hadi langoni, akafungua waya, akasimama upande wangu ulio mbali na mbwa wa jirani. Nilivuka barabara nikaingia dukani mkabala na kwake, nikaomba betri za tochi. Nilipozipokea zilinianguka, nikaziokota, zikaanguka tena, na mwenye duka akainamia kaunta kunitazama.

"Habari yako, mama? Uko sawa?"

"Niko," nikamwambia. "Naogopa tu."